Eda ya Bi Azza Katikati ya Mafundi

Watu wa Mchafukoge wakikwambia Bi Azza ni mkaidi, waamini, ila usiwaamini sana. Wao wenyewe wameziuza nyumba za babu zao zikageuka ghorofa za vioo, na sasa kila aliyebaki na nyumba ya mawe wanamtazama kama mgonjwa.

Nyumba yenyewe unaweza kuipita usiione. Imebanwa na ghorofa mbili, moja inauza mashuka na nyingine vifaa vya simu, na mbele yake wapo wamachinga wawili watatu wasiokoma kuita wateja. Lakini nyumba njema si mlango. Ukishavuka kizingiti unakuta ukumbi wenye ubaridi hata saa ya jua kali, kuta nene za mawe ya baharini na chokaa, zidaka za kuwekea taa, na dari ya boriti za mikoko zilizokaa juu ya vichwa vya watu tangu kabla bibi zetu hawajazaliwa. Aliijenga mzee Amjad, muuza viungo, na mjukuu wake Suud ndiye aliyeirithi. Madalali walimfuata Suud hadi msikitini. Akawaambia haiuzwi, akaifungua iwe makumbusho, vyumba vya chini kwa wageni, yeye na mkewe wakabaki na vyumba vya nyuma, juu.

Mkewe ndiye huyo Azza, binti wa muuza mikeka wa Mtaa wa Mkunguni. Aliingia nyumba ile akiwa mwari wa hina mbichi, na akawa ndiye mtembezaji wa wageni. Watoto wa shule wakija aliwaonyesha kitanda cha samadari, mitungi ya shaba na kinu cha mzee Amjad, na mtoto akigusa alipigwa jicho tu, basi mkono unarudi wenyewe mfukoni. Mungu hakuwajalia mtoto wa kuzaa. Ukimuuliza Azza alikujibu kwamba anao mia kwa mwezi na wote wanarudi kwao jioni, kuna raha gani kupita hiyo.

Suud naye alikuwa na kibanda cha kutengeneza redio Gerezani, na kosa lake lilikuwa moja. Alijiona fundi wa kila kitu chenye waya. Umeme wa nyumba nzima aliutandaza mwenyewe, kipande leo kipande mwakani, na matokeo yake yalimtoa jasho kila aliyekuja mgeni. Taa ya ngazini ilizimiwa jikoni. Feni ya ukumbini haikukubali kuzunguka mpaka uwashe taa ya choo. Azza alizijua tabia zote hizo kama mtu anavyomjua mke mwenza, na mgeni akilalamika alimjibu, "Nyumba ya watu hiyo, jifunze adabu zake."

Hatimaye wafadhili wakapatikana wa kuikarabati nyumba. Ukuta urudishiwe chokaa, saruji yote iliyobandikwa miaka ya karibuni ibanduliwe. Umeme mpya, mabomba mapya, kiyoyozi cha chumba kinachowekwa nguo za kale, na ving'ora vya moto, maana boriti kavu na nyaya chakavu ni jirani wabaya. Suud alishangilia kama mtoto wa sikukuu. Na wiki chache kabla mafundi hawajaingia, Suud akafariki. Mauti hayasubiri ratiba ya mkandarasi.

Hapo ndipo ukaidi wa Bi Azza ulipoanza kusemwa. Injinia Heriel, kijana mpole wa Kipare aliyepewa kusimamia kazi, alimwomba ahamie kwa wifi yake, Shamsa, anayekaa Msimbazi, mpaka kazi iishe. Shamsa alikwishatandika kitanda. Sheikh naye aliulizwa, akasema nyumba ikiwa na hatari mfiwa anaweza kuhama, dini haikuja kumfunga mtu pingu. Azza aliwasikiliza wote, mtandio wake mweupe usoni, kisha akasema, "Mume wangu kafia hapa. Eda yangu nitaimalizia hapa."

"Wifi, watakuchimbia hadi chini ya kitanda," Shamsa alisema.

"Wachimbe. Mimi nitakuwa juu ya kitanda."

Watu wakasema ni dini. Dini ilikuwemo, sikatai. Lakini kulikuwa na jambo jingine, na hilo Azza hakumwambia Shamsa wala sheikh.

Mwaka wake wa mwisho Suud alikuwa na moyo uliochoka. Kifua kilijaa, pumzi zikawa za kuazima, na usiku kucha alitaka feni impulizie usoni. Azza naye feni humkaza shingo akaamka kama ubao. Basi wakalala mbalimbali, Suud chumba chake, Azza chumba cha ng'ambo ya ukumbi, na Suud kwa mikono yake akatandaza waya mwingine: kitufe kando ya mto wake, kengele juu ya kichwa cha mkewe. Akihitaji maji anabonyeza. Akitaka kuinuliwa mto anabonyeza. Mara nyingine alibonyeza, Azza akaja mbio huku mtandio upande mmoja begani, upande mwingine sakafuni, akamkuta katulia tu.

"Azza, umelala?"

"Nilikuwa nimelala."

"Haya, kalale."

Alimsonya, akamfunika, akarudi. Ndivyo walivyopendana wale.

Siku za mwishomwisho kengele ikanyamaza. Usiku wa kwanza Azza alishukuru Mungu, akaona mume anapata nafuu. Usiku uliofuata akashukuru tena. Alikuwa hoi, jamani, kuuguza kunamaliza mwili, na usingizi uliokuwa ukimkimbia miezi mingi ulimrudia kwa fujo. Alilala usingizi wa pono. Na asubuhi moja aliamka kwa adhana, akaenda ng'ambo ya ukumbi, akamkuta Suud keshakuwa baridi, feni inazunguka, kitufe kiko palepale kando ya mkono wake.

Alibonyeza au hakubonyeza? Hilo ndilo lililomkalia Azza rohoni. Walioosha maiti walimwambia uso ulikuwa mtulivu, alikwenda usingizini. Lakini mfiwa huambiwa lolote ili anyamaze. Kama Suud alibonyeza, akabonyeza tena, na yeye yuko kule anakoroma, je? Alikifunga chumba siku ileile ya maziko, ufunguo akaufunga kwenye pindo la kanga. Kitufe hakukijaribu. Kengele ikilia, atajua ilikuwa nzima na yeye ndiye hakusikia. Isipolia, atajua mume wake aliita na chombo kikamsaliti. Majibu yote mawili yalimtisha. Na tangu siku hiyo kitanda kilimwia adui. Aliketi kitini mpaka kunakucha, akisinzia na kushtuka, na mchana macho yake mekundu watu wakadhani ni kulia. Kulia kwenyewe alikuwa hajalia bado.

Basi hebu fikiria kazi ya Heriel. Nyumba nzima ifunguliwe kama sanduku, na ndani yake yumo mjane wa eda asiyetakiwa kukaa na wanaume wasio maharimu wake. Mafundi wakapeana utaratibu wao wenyewe. Hakuna kukanyaga ngazi mpaka umepiga hodi kutoka chini na umejibiwa. Saa za swala, nyundo chini. Na vyumba vya juu atavihudumia mtu mmoja tu, Klara.

Klara alitokea Masasi, amesomea umeme akaiva, lakini kwenye kazi nyingi alipewa kushika ngazi wanaume wapande. Sasa ghafla yeye ndiye mwenye njia. Mafundi wenzake walisimama chini na paipu begani wakimngoja atoe kichwa.

"Hodi, Klara."

"Bado. Mama anaoga."

"Hodi basi."

"Bado, nimesema. Kwani paipu inaoza?"

Mwingine aliyezoeana na Bi Azza ni Bakili, fundi chokaa kutoka Kilwa, mtu mzima wa rika lake. Kazi yake ilikuwa ukuta wa nje, na jukwaa lake lilipita sawia na dirisha la Azza. Siku ya kwanza alipaka chokaa huku kageuza uso upande wa barabara kama bwana harusi anayeona haya, mpaka nusu ya chokaa ikaenda kwenye suruali yake. Azza akafunga luva za dirisha, akamwambia kutoka ndani, "Bakili, tazama kazi yako, mimi nimejifungia." Kuanzia hapo wakawa wanazungumza kupitia luva.

"Bi Azza, hapa pametiwa saruji. Nani alipaziba?"

"Marehemu."

Patasi ikanyamaza kidogo. "Alipaziba vizuri," Bakili akasema.

"Usinidanganye. Nasikia unapabomoa."

"Nabomoa, lakini kwa shida. Alikuwa na mkono mzito, Mungu amrehemu."

Azza alitabasamu peke yake gizani nyuma ya luva. Ilikuwa kweli. Suud akiziba ufa alitia saruji ya kujengea daraja.

Klara naye alifanya kosa lake. Alimwona mama wa watu amevaa nguo zilezile nyeupe, hana pete, hana wanja, akamwonea huruma. Asubuhi moja akitoka zake Kariakoo alinunua asumini mbichi zilizotungwa kwa uzi, akapanda nazo ngazi mikono nyuma. "Mama, shikamoo. Nimekuletea kitu ujisikie vizuri." Azza aliona zile asumini na moyo ukamruka, kwa sababu Suud alikuwa akimletea hizohizo kila Alhamisi. Mjane wa eda hajitii manukato. Binti wa Masasi angejuaje?

"Marahaba, mwanangu. Nzuri sana hizi," akasema. Akazipokea kwa vidole viwili, akazipachika kwenye luva, upande wa nje. Siku nzima Bakili alifanya kazi kwenye harufu ya asumini na hakujua zimetoka wapi. Jioni Shamsa alipomweleza Klara maana ya eda, Klara alifunika uso kwa mikono miwili, na kesho yake akaleta machungwa.

Lakini mapenzi hayo hayakuzuia ugomvi. Klara alianza kung'oa nyaya za Suud, na kila alipovuta mmoja ulitoka na wenzake wanne. Huku umeungwa kwa uzi, kule kwa utambi, mahali pengine kwa kipande cha tairi la baiskeli.

"Mama, hizi nyaya ni noma. Mmeishije humu hamjaungua?"

Azza akakunja uso. "Tumeishi kwa sababu aliyezifunga alizijua."

"Sijasema kwa ubaya, mama."

"Najua. Ila umesema."

Hakumsemesha mpaka alasiri, alipomsogezea kikombe cha chai ya tangawizi bila neno. Klara akakinywa bila neno. Huo ndio upatanisho, na wengi wanaoana wasiupate.

Vyumba vikaisha kimoja baada ya kingine. Paipu nyeupe zikapanda ukutani bila kuchimba jiwe, maji mapya yakafika chooni, ukuta wa Bakili ukaanza kung'aa. Kikabaki chumba kimoja. Klara aliuliza mara ya kwanza, akaambiwa kesho. Akauliza mara ya pili, akaambiwa kesho si imeshafika, basi ni kesho nyingine. Ndipo Heriel mwenyewe alipokuja kusimama chini ya ngazi, kofia ya kazi mkononi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Heriel. Sema tu, nakusikia."

"Ni kile chumba, mama. Kikibaki na nyaya za zamani, siwezi kuiwasha nyumba. Zote zimeunganika."

"Isiwashwe. Mzee Amjad aliishi kwa kandili."

"Na boriti nazo, mama, ni kavu. Moto haupigi hodi."

"Nimekwambia isiwashwe."

Heriel alisita. Alikuwa ameambiwa na Shamsa kwamba mama halali, anakonda, na haambiliki. "Mama, kama ni vitu vya mzee, hatutavitupa. Ila ramani inasema nyumba irudi ilivyokuwa enzi za babu yake. Yaliyoongezwa baadaye yanatoka."

"Ndiyo," Azza alisema kutoka juu, na sauti yake ilikuwa chungu. "Asiyekuwepo na lake halipo."

Heriel aligeuzageuza kofia, akaaga kwa adabu, akaenda kuwaambia mafundi wa chini wajishughulishe na mengine. Azza alirudi kitini kwake, akalishika pindo la kanga lenye ufunguo. Alijua anakosea. Suud mwenyewe angemwambia, Azza, acha utoto, fungulia watu wafanye kazi. Lakini Suud huyo ndiye asiyeweza kuulizwa lile la pekee alilotaka kumuuliza, na mle chumbani kulikuwa na kitufe.

Sasa, chokaa haipakwi juu ya ukuta mkavu. Lazima ukuta uloweshwe kwanza, unywe maji ushibe, ndipo chokaa ishike. Siku iliyofuata Bakili alifika nyuma ya kile chumba, akaumwagia ukuta maji kwa kopo kama ilivyo desturi. Hakujua, wala hakuna aliyejua, kwamba Suud alipitisha waya ndani ya ufa pale, akaufunika kwa saruji, na kwamba waya ule ulipata umeme wake kutoka njia yake ya siri, si ile aliyoikata Klara. Maji yakatafuta njia, nayo maji hayakosi njia. Aliyenusa wa kwanza ni Azza, akiwa kitini. Harufu ya mpira unaoungua.

"Klara," aliita. "Mwanangu, njoo haraka."

Klara alitoka jikoni, akavuta pumzi mara moja, akashuka ngazi bila kukanyaga nusu yake. Alizima swichi kubwa, akachomoa na waya wa barabarani kabisa. Aliporudi juu, moshi mwembamba ulikuwa ukitoka chini ya mlango uliofungwa, ukaendelea kidogo, ukakata. Azza alikuwa amesimama mbele ya mlango huo, pindo la kanga limeshafunguliwa.

"Leo imezimika, mama," Klara alisema, akihema. "Kesho je?"

Azza akatia ufunguo. Chumba kilikuwa kama alivyokiacha, kitanda kimetandikwa, feni imesimama, kopo la dawa juu ya stuli. Karibu na dari ukuta ulikuwa na doa jeusi, si kubwa. Klara aliligusa kwa nyuma ya kiganja, akatikisa kichwa kwamba hakuna hatari tena. Kisha akanyoosha mkono kuanzia na kitufe kilichoning'inia kando ya mto, kwa sababu ndicho kilichokuwa karibu.

"Ngoja," Azza alisema. "Kabla hujagusa kitu, nataka nikwambie jambo."

Na akamwambia. Alisimama katikati ya chumba akamwambia Klara yale ambayo hakumwambia wifi yake wala sheikh: kengele, usingizi wake, na asubuhi ile. Aliyasema kwa haraka, akitazama sakafu, kama mtu anayetoa mwiba. "Wewe ni fundi. Ukikifungua hicho utajua kama kilikuwa kizima. Nataka kujua kama aliniita."

Klara alimtazama sana. "Mama, na kama kilikuwa kizima?"

"Basi nijue. Sasa hivi naishi kama mtu aliyeshikiliwa kituoni hajaambiwa kosa lake."

Klara akaketi ukingoni mwa kitanda, akatoa bisibisi ndogo mfukoni, akalegeza parafujo ya kitufe. Kifuniko kikatoka. Akakisogeza kitufe kwenye mwanga wa dirisha, akainama, akanyanyua kichwa, akainama tena. Azza alijishikilia kwenye nguzo ya kitanda.

"Sema, mwanangu."

"Mama, njoo uone mwenyewe. Nyaya hazijashikana na kitufe. Zimetolewa."

"Zimeliwa na panya?"

"Panya hafungi plasta, mama."

Azza akasogea. Ndani ya kile kijumba cha kitufe zilikuwamo ncha mbili za waya, kila moja peke yake, na kila moja imezungushiwa kipande cha plasta ya kidonda, ile ya rangi ya ngozi. Zimezungushwa vizuri, zikakazwa, ili zisije kugusana zikaleta shoti. Plasta yenyewe ilikuwa ile aliyoitumia Azza kumfunga Suud mkononi alipotolewa dripu hospitali. Ilikaa juu ya stuli kando ya dawa. Mtu wa kitandani aliifikia bila kuinuka.

"Huyu aliyetoa alijua anachofanya," Klara alisema polepole. "Alilegeza parafujo, akatoa waya, akazifunga, akarudisha kifuniko. Ukitazama kwa nje huoni kitu. Hata angebonyeza siku nzima, kule kwako kengele isingelia. Na yeye alilijua hilo. Hakukuita, mama. Aliikata mwenyewe."

Azza alikuwa akihesabu nyuma kimoyomoyo. Ilikuwa wiki ile ile aliyoanguka jikoni, kizunguzungu kimempiga, sufuria la uji likamwagika, na Suud akasikia kishindo asiweze kuja. Alipoletewa uji mwingine alimtazama mkewe kwa muda, akasema, "Azza, umekwisha wewe." Yeye akamjibu amalize uji. Na usiku wa siku hiyo kengele ikanyamaza, na yeye mjinga akashukuru kwamba mgonjwa anapata nafuu.

Maisha yake yote Suud alikuwa akiunga. Hakuweza kuona waya mbili zimeachana asizishikanishe, hata palipokuwa hapahitaji. Na kwa vidole vilivyovimba, bila pumzi, alikaa kitandani akaachanisha hizi mbili ili mkewe alale.

"Suud," Azza alisema, na hakuwa akimsemesha Klara. "Nani alikutuma?" Alikuwa akitazama mto. "Mimi nilikwambia nimechoka? Nilikulalamikia? Ulikuwa uniite. Ungeniita hata kwa upuuzi wako wa kuniuliza kama nimelala. Ningekuja. Ulijua nitakuja, mtu mbaya wewe, ndiyo maana ukakata." Hapo sauti ikakatika, na machozi ambayo hayakutoka kwenye maziko wala kwenye hitima yakatoka yote kwa pamoja. Alilia kwa sauti, mdomo wazi, bila kujifunika. Aliketi sakafuni, na Klara akaketi naye, akamshika mguu kwa sababu ndio alioufikia, akabaki ameushika.

"Alitaka upumzike, mama," alisema baada ya muda.

"Najua. Ndiyo maana namkasirikia." Azza akajifuta kwa mtandio. "Nampenda na namkasirikia."

Kilio kikapungua chenyewe. Azza alijiinua kwa kushika kitanda, akavitazama vile vipande viwili vya plasta kwa mara ya mwisho, akapumua.

"Ng'oa zote, mwanangu. Usibakishe hata moja. Nyaya zake zilikuwa mbaya, hata mimi nilijua, ila sikutaka aambiwe na mtu mwingine." Akavua makubadhi. "Wewe fanya kazi. Mimi nanyoosha mgongo kidogo tu hapa."

Akajilaza kwenye kitanda cha Suud, upande wa ukutani. Klara alipanda stuli, akaanza kulegeza feni. Aliuliza ngazi kubwa iko wapi, hakujibiwa. Akauliza tena, akageuka. Bi Azza alikuwa amelala. Alilala kweli, mkono mmoja chini ya shavu, na alikuwa akikoroma kidogo, mkoromo wa mtu asiye na deni na yeyote.

Klara alishuka kwenye stuli. Aliiacha bisibisi sakafuni ili isije ikagonga kitu mfukoni, akatoka kwa ncha za vidole, akasimama juu ya ngazi. Chini kazi zilikuwa zinawaka. Mmoja anakata bomba kwa msumeno, Bakili anabandua saruji kwa patasi, Heriel anapaza sauti kuuliza swichi kubwa imezimwa na nani.

"Acheni," Klara alisema. "Wote, acheni."

"Kuna nini tena?" Heriel akauliza. "Amekataa?"

"Amelala."

Heriel alinyanyua macho. "Mama?"

"Mama amelala. Kitandani."

Msumeno ukasimama katikati ya bomba. Heriel alivua kofia yake, akatazama kazi iliyobaki, akatazama mawingu ya masika kwenye uwazi wa mlango, kisha akaketi kwenye mfuko wa chokaa. Bakili aliteremka jukwaani kwa mikono na miguu, ngazi isije ikalia, akafunika chokaa yake kwa gunia bichi isikauke. Akatoka nje kuwaomba wamachinga wapunguze sauti, na ajabu ni kwamba walipunguza, kwa kuwa walimjua Bi Azza na jicho lake.

Shamsa alifika na hotpoti ya chakula, akakuta mafundi wazima wamekaa kimya ukumbini kama wako kwenye hitima, moyo ukampasuka. Klara alimwahi mlangoni akamnong'oneza. Shamsa aliweka hotpoti chini.

"Tangu saa ngapi?"

"Sasa hivi tu."

Shamsa akajifunika uso kwa ukaya, akaketi kati ya Klara na Bakili. Hakuna aliyefungua chakula. Walikaa hivyo mpaka alasiri, wakimngojea mwenye nyumba ashibe usingizi.